Luena usitaje mgodi

Lubumbashi, 17 Novemba 2023

Mwanangu Ilunga,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, nikianza tu kutaja chama, unaniambia mtandao unakatika.

Mama yako ameniambia Jumapili unapanda na msafara wa kampeni kwenda Bukama, na kwamba Luena maikrofoni utashika wewe kwa kuwa unajua Kiluba. Sikukatazi. Imba, wape mkono wazee, gawa hizo fulana zenu. Ila watu wa Luena usiwaambie kwamba mgodi wa makaa ya mawe utarudi kufanya kazi kama zamani. Barabara taja, shule taja. Mgodi usitaje.

Utasema ndicho wanachotaka kusikia. Ndiyo, na ndiyo maana kila anayepita pale kuomba kura hulianza hilo. Kule kambini mtu alizoea kupewa na kampuni unga, nyumba, dawa, shule ya watoto, hata timu ya mpira. Siku kampuni iliponyamaza, alibaki anatafuta baba mwingine, na chama kikija kusema "mimi hapa", anakiitikia. Babu yako alikuwa wa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga, mtu wa Sendwe kiongozi wake mpaka anazikwa, wakati hapa mjini waliokuwa wakitawala ni Conakat, chama cha Tshombe. Damu ilimwagika. Ikaja MPR, chama cha Mobutu, tukawa wanachama tangu tumboni mwa mama zetu. Beji nilivaa, nani hakuvaa? Miaka ya 1990 wakaambiwa adui ni Mkasai, mtu aliyetoka Kasai. Jinsi walivyofukuzwa Likasi unayajua, sirudii. Vyama vimebadilishana zamu, na kijiko cha unga hakijarudi.

Wewe umesoma uchumi, tena kwa pesa ya meza ya mama yako pale sokoni, basi usinijibu kama mtu wa kijiweni. Makaa ya Luena yana majivu mengi. Tanuru za shaba za hapa Lubumbashi tangu mwanzo zilikula koki ya Wankie, huko Zimbabwe ya leo. Ya Luena yalikwenda kwenye kazi ndogo, kama saruji ya Lubudi. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha likaanza kutoa umeme, yakafuata mabwawa mengine, na treni nazo zikapata umeme badala ya makaa. Hapo hakuna aliyepiga kura vibaya. Kisha Gécamines yenyewe, kampuni ya madini ya serikali, ikaanguka: katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na 1994 hazikufika hata 50,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, mwaka uliofuata nchi ikaporwa, na pesa ilikuwa imeliwa zamani na wenye nchi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa, jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. Mtu hajaona mshahara miezi na miezi, unamwekea karatasi na kalamu mezani, halafu unasema hiari!

Tena tangu Katanga ikatwe vipande vinne mwaka 2015, shaba na kobalti vimebaki Lualaba na kwetu Haut-Katanga. Sheria ya madini ya 2018 inapeleka asilimia 15 ya mrabaha, malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, kwa sekta au chefferie (eneo la chifu) ambako madini yanachimbwa. Fungurume wana cha kugombania. Bukama, ambayo sasa iko Haut-Lomami, watagawana asilimia 15 ya nini? Kama mgombea wenu ana jibu, alitoe yeye, kwa mdomo wake.

Utamkuta pale mzee mmoja, jirani wa shangazi yako. Ana kopo la maziwa, ndani yake karatasi za mshahara zimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Kila kampeni anazitoa, anazinyoosha juu ya goti, anasoma namba yake ya kazi kwa sauti, na kijana wa chama anaiandika kwenye daftari la watakaoajiriwa. Akishaondoka, daftari hilo haulioni tena. Ukiombwa kuandika orodha, rudisha kalamu mfukoni. Nasema hivi kwa sababu mgombea atarudi zake kwa ndege. Shangazi yako hana pa kwenda, na Kiluba utakachozungumza pale ni cha nyumba yetu. Yeye ndiye atakayeulizwa kisimani, "Mtoto wa kaka yako alisema mgodi, uko wapi?"

Nimesikia ulisema vizuri Katuba. Watu wawili wa kanisani wamenisimamisha kunisifu, na sikuwakatisha. Ulivyoweza kunyamazisha wale walevi bila matusi, hilo umelitoa kwa mama yako, si kwangu. Lakini mtu anayejua kusema ndiye wanayemtuma kusema yasiyosemeka. Ufikirie hilo.

Hapa nyumbani dada yako ni wa Katumbi wa upinzani, mjomba wako ni wa Fatshi, Rais Tshisekedi, na bukari, ugali wetu, tunakula sahani moja, ingawa juzi mjomba alihama na bakuli lake la sombe, kisamvu. Umeme wa SNEL tunaupata usiku wakati hatuupikii kitu. Mfuko wa makaa ya kupikia umepanda bei tena. Bati la jikoni linavuja palepale uliposema utapaziba. Magoti ya mama yako hayajapona, usimwambie nimekuandikia.

Kwenye begi la bluu nimeweka miwani ya shangazi, sabuni na chumvi. Miwani mpe mkononi mwake, usimwachie mtu wa msafara. Bukama ulale ndani ya chandarua, mto uko karibu. Na wakati wa kurudi tuletee samaki wa moshi wa Upemba, wakavu kabisa, uwavunje mkia mmoja kwanza kabla ya kulipa. Pesa ya samaki anayo mama yako, atakupa asubuhi ya safari. Usiichangie chama.

Baba yako