Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wilayani tunatibu majipu kwa kubahatisha

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wadi ya upasuaji katika hospitali moja ya wilaya. Ya posho nayaacha kwa leo, nataka tuzungumze habari ya usaha.

Mgonjwa anafika na jipu pajani. Dukani ameshauziwa kapsuli nne za amoksilini, kwa kuwa hela ya dozi nzima hana. Moja ya hizo nyumbani wameipasua wakamwagia unga wake kidondani, ukakauka ukawa gamba; ukilibandua, usaha unachuruzika chini yake. Tunapasua jipu, tunasafisha, na wengi hupona kwa hilo. Ninaandika kwa ajili ya wale ambao hawaponi.

Stafilokokasi, anayesababisha mengi ya majipu haya, ni bakteria wa kawaida, karibu mtu 1 kati ya 3 anaye puani bila kuumwa. Akipata upenyo, iwe mkwaruzo, mshono au kanula (kijibomba cha dripu) iliyokaa mno mkononi, anaingia. Akishafika kwenye damu anaweza kuharibu vali za moyo, kuozesha mfupa, kujaza mapafu usaha. Penisilini na jamaa zake humuua kwa kuikamata protini anayojengea ukuta wake. Yule sugu, MRSA, ana jeni inayomtengenezea protini nyingine ambayo dawa hizo haziikamati. Ukimpa mgonjwa huyo ampiklosi, au hata seftriaksoni, unampotezea siku na fedha. Wala si jambo geni: methisilini, mmoja wa jamaa hao wa penisilini, ilianza kutumika 1959, na kufikia 1961 Waingereza walikwisha kumwona stafilokokasi asiyeisikia.

Sasa nani atuambie jipu hili ni la yupi? Kwa macho hayatofautiani. Sharti usaha uoteshwe maabara siku mbili tatu, kisha bakteria ajaribiwe dawa moja moja. Kwetu huduma hiyo haipo. Sampuli huenda mkoani, gari likipatikana, na majibu yanaweza kurudi mgonjwa ameshabadilishiwa dawa mara mbili. Vankomisini, dawa ya kumtibu mwenye MRSA, nayo ndugu wanaambiwa wakaitafute nje ya hospitali.

Mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa upo, wa kwanza wa 2017 hadi 2022 na wa pili wa 2023 hadi 2028. Umeandikwa vizuri, sina ugomvi nao. Ninachoomba ni ushuke hadi wilayani: inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria), sahani za kuoteshea, diski za kupimia dawa, na mtu wa maabara aliyefundishwa kazi hiyo. Pale ambapo haiwezekani mwaka huu, basi gari la sampuli liwe na siku zake na majibu yaje kwa simu. Na sinki la wadi litoe maji, Mheshimiwa, kwa sababu bakteria huyu husafiri kitanda hadi kitanda kwa mikono yetu sisi wauguzi.

Bajeti ya wizara yako ikisomwa bungeni, nitatafuta fungu la maabara za wilaya kabla ya kingine chochote.

Wako,
Muuguzi, wadi ya upasuaji