Njia ya reli ya Bububu isisahauliwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie reli ya Bububu ya hapa Unguja, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney na kuanza kazi mwaka 1905, ikitoka Ngome Kongwe na kujipenyeza katikati ya maduka na baraza za mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, hadi Bububu, mwendo wa kilomita zipatazo 11. Serikali iliinunua mwaka 1911, lakini magari yalipozidi barabarani ilikosa abiria, na kabla ya miaka ya 1920 kwisha ilikuwa imefungwa. Hata reli ya Sultani Barghash ya kwenda Chukwani haikudumu baada ya kifo chake mwaka 1888. Yaelekea treni hazina bahati kwetu.

Naziomba mamlaka za Mji Mkongwe ziichore njia hiyo kwenye ramani na kuiwekea vibao kabla ujenzi haujaimeza. Wanaotamani treni irudi ili kupunguza msongamano wa barabara ya Bububu nao wasidhani kwamba njia ya zamani inatosha, kwa kuwa mitaa ya Malindi ilikuwa finyu mno tangu wakati ule.

Wako msomaji,
Unguja