Mtoto anaanza kazi Jumatatu, mmemuandaa na nini zaidi ya shati?

Mhariri, naomba nafasi niseme jambo linaloniuma kila mwaka ikifika Desemba. Mimi nasimamia duka la vyombo Kariakoo, na kila form four wakimaliza mtihani Novemba wanamiminika huku kutafuta kibarua wakati wanasubiri matokeo, wengi wana miaka 17, na unamuona kabisa huyu nyumbani wamemuandaa, shati limepigwa pasi, amefundishwa kumwamkia bosi vizuri, lakini ukimuuliza mlikubaliana mshahara shingapi anakwambia mjomba ndo anajua.

Heshima ni nzuri sikatai. Ila kinachowatoa machozi hawa watoto ni shoti. Siku ya kwanza tu anawekwa kwenye droo ya hela, hajakabidhiwa kwa hesabu, wenzake wanachukua chenji humo humo, jioni inapungua elfu ishirini, na ikifika mwisho wa mwezi anaambiwa mshahara wako umeishia kwenye shoti. Nimeona binti analia stoo ya duka la jirani kwa sababu hiyo, akampigia mama yake, mama akamwambia vumilia mwanangu. Avumilie nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri hawezi kukata tu hivi hivi, lazima amuandikie sababu na kiasi, ampe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa hiyo kabla hajaanza mfundisheni asishike droo mpaka hela zihesabiwe mbele yake na iandikwe kwenye daftari wasaini wote wawili. Aombe kwa adabu tu, bosi samahani naomba tuhesabu pamoja. Mimi anayeniomba hivyo siku ya kwanza ndo namwamini zaidi.

Halafu makaratasi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mtu maelezo ya maandishi anapoanza, kazi gani, wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani, lakini kwenye maduka yetu wanaopewa ni wachache mno, basi angalau mzazi aulize siku moja kabla na ajibiwe kwa meseji ibaki kwenye simu. Barua ya serikali ya mtaa, picha na wadhamini vitaombwa, vipelekeni, ila cheti cha kuzaliwa na cha shule ni kopi tu, orijino ibaki nyumbani maana kuna watu wanazishikilia mtoto akitaka kuacha kazi.

Na hili la usiku wazazi mnalichukulia poa sana. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza asiyefika miaka 18 kufanya kazi kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, lakini msimu wa sikukuu utakuta binti anafunga duka saa nne ndo aanze kugombania daladala ya Mbagala. Msiseme anajifunza maisha, mpigieni bosi simu. Na aambiwe mapema kabisa kwamba akitakiwa kubaki peke yake na bosi eti kupanga mzigo wakati wenzake wameshaondoka, aondoke, na nyumbani hatagombezwa hata kama kazi itapotea.

Nauli pia. Mshahara unakuja mwisho wa mwezi, sasa huyu mtoto atapanda nini na atakula nini wiki zote hizo? Wengi wanaopotea wiki ya pili sio wavivu, hela imeisha na wanaona aibu kusema.

Ombi langu kwako mhariri, kabla ya Desemba gazeti lichapishe vifungu hivyo vya sheria kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja tu unaotosha kukatwa na kukunjwa mfukoni, mimi nitaubandika pale dukani kwetu.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam