Barua ya wazi kwa mpwa wangu mwenye jedwali

Mpwa wangu,

Jedwali lako la "dereva bora wa zama zote" nimelipokea na nimekaa nalo wiki nzima. Mistari zaidi ya mia saba, kila dereva aliyewahi kushiriki Langalanga, yaani Formula One, na mstari wake, na kileleni umemweka Lewis Hamilton kwa herufi nene: mataji 7, ushindi 105, kuanza mbele ya wote mara 104. Chini yake umeandika neno moja tu, "Imeisha." Kwa kuwa ulinitumia mbele ya ukoo mzima, nami nakujibu mbele ya watu.

Sina ugomvi na Hamilton. Mtu anayebisha kwamba yule ni dereva hodari hajawahi kumtazama kwenye mvua. Ninachobishia ni hilo neno lako.

Anza na Michael Schumacher. Mataji yake ni 7 vilevile, kwa hiyo kwenye mataji wamefungana. Ukatafuta kitu cha kuwatenganisha, ukachagua idadi ya ushindi, 105 kwa 91. Kwa nini hukuchagua asilimia ya ushindi? Juan Manuel Fangio alianza mbio 51 akashinda 24, karibu nusu ya mara zote alizoketi garini. Hakuna bingwa mwingine anayemsogelea hapo, si Hamilton wala Schumacher. Ungewapanga mabingwa kwa safu hiyo, Mwargentina yule angekaa juu yao wote na Hamilton angeshuka chini yake. Mwamba ngoma huvutia kwake, mpwa wangu, na wewe hii ngoma umeiwamba ukiwa umevaa kofia ya Hamilton.

Tena asilimia nayo ina hila zake. Schumacher alistaafu 2006, akarudi 2010 akiwa na umri wa miaka 41, akaendesha misimu mitatu bila kushinda hata mbio moja. Asilimia yake ikaporomoka. Hesabu inasema alipungua ubora wake wa jumla, na kosa lake ni kupenda mbio kuliko alivyopenda rekodi zake.

Sasa tazama safu yako ya alama, ile uliyoipaka rangi ya kijani. Mwaka 1950 msimu wa ubingwa ulikuwa na mbio 7, na mojawapo ilikuwa Indianapolis 500 ya Marekani, ambayo madereva wa Ulaya karibu wote hawakuikanyaga. Mwaka 2024 mbio zilikuwa 24. Enzi za Fangio mshindi alipata alama 8. Tangu 2010 anapata 25. Ndiyo maana Fangio, mwenye mataji matano, hakufikisha alama 300 katika maisha yake yote, na Max Verstappen alikusanya 575 katika msimu mmoja wa 2023. Kuziweka hizo kwenye safu moja ni kama kujumlisha shilingi za mwaka mmoja na za mwaka mwingine bila kuuliza zilinunua nini.

Na ile desimali ya Fangio uliyoniuliza, ukidhani ni kosa la kunakili? Si kosa. Zamani aliyekimbia mzunguko wa kasi kuliko wote alipewa alama moja. Silverstone, Uingereza, mwaka 1954 saa za wapima muda zilihesabu sekunde nzima nzima, hivyo madereva saba wakaandikiwa muda uleule, alama moja ikakatwa vipande saba. Kila mmoja akaondoka na 0.14. Nusu ya wapenzi wa takwimu wangeona desimali mbili wakadhani kuna usahihi mkubwa hapo, kumbe inatokana na saa isiyoona vizuri.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni gari. Katika mbio za miguu kila mtu anakimbia na miguu yake. Hapa mtu anaazimwa miguu na kiwanda. Kwa hiyo wewe utaniambia, kama wanavyosema wote, tuwalinganishe madereva wawili wa timu moja, gari moja, msimu mmoja. Sawa. Nikuletee mfano ulio safi kuliko yote: McLaren, 1988 na 1989, Ayrton Senna na Alain Prost.

Mwaka 1988 timu hiyo ilishinda mbio 15 kati ya 16. Senna 8, Prost 7. Ukijumlisha alama zote za msimu, Prost alipata 105 na Senna 94. Bingwa? Senna. Kanuni za wakati ule zilihesabu matokeo 11 bora tu ya kila dereva, na baada ya mengine kutupwa Senna akabaki na 90, Prost 87. Prost alimaliza wa pili mara nyingi mno, na wingi huo ukatupwa kapuni. Mwaka uliofuata taji likaenda kwa Prost.

Sasa chukua misimu yote miwili pamoja. Ukihesabu nani alianza mbele ya wote, Senna alifanya hivyo mara 26 katika mbio 32, jambo la kutisha. Ushindi: Senna 14, Prost 11. Ukihesabu alama zote bila kutupa kitu, Prost 186, Senna 154. Mataji, moja kwa moja. Watu wawili, gari lilelile, miaka miwili, na safu zako nne zinatoa majibu matatu tofauti! Mwenye kumpenda mtu wa kasi atasoma ya kwanza, mwenye kumpenda mtu wa hesabu na subira atasoma ya tatu, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Halafu kuna yale ambayo safu haina mahali pa kuyaweka: mwaka 1989 Senna alikuwa akiongoza Monza, Italia, mbio zikikaribia kwisha, injini ikamlipukia. Kwenye jedwali lako imeandikwa "hakumaliza", sawa na mtu aliyejigonga ukutani mwenyewe.

Shujaa wako pia yumo humo. Kati ya 2010 na 2012 Hamilton na Jenson Button walikuwa timu moja. Alama za miaka yote mitatu: Button 672, Hamilton 657. Je, Button ni bora? Hapana, na mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea, kwa sababu 2012 gari lilimfia Hamilton akiongoza Singapore, likamfia tena akiongoza Abu Dhabi, na kwa ushindi alimpita Button 10 kwa 8. Ila angalia tulichofanya sasa hivi. Takwimu imekuja na jibu, tumelikataa, tumeenda kutafuta hadithi iliyo nyuma yake. Ukishafanya hivyo kwa Hamilton, uwe tayari kufanya hivyo kwa wote mia saba.

Usinielewe vibaya, namba zinaziba midomo mahali panapostahili. Waliosema Verstappen wa 2023 alibebwa na gari tu, waonyeshe Sergio Pérez aliyekuwa na gari lilelile: ushindi 2, Verstappen 19. Hapo hakuna la kujadili. Hesabu inaweza kumtoa mtu kwenye orodha, au kumlazimisha mbishi anyamaze. Kumpandisha mmoja juu ya wote ni kazi nyingine.

Wasomi wamejaribu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walichukua matokeo tangu 1950 hadi 2014, wakatenganisha mchango wa timu na wa dereva. Wakakuta timu ina uzito mkubwa kuliko dereva, kwa mbali, na wa kwanza akatoka Fangio. Vizuri. Lakini kwenye ishirini bora alichomoza pia Christian Fittipaldi, ambaye hakuwahi kusimama jukwaani hata mara moja, kwa kuwa aliendesha magari dhaifu na kuyavusha kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2020 wenyewe Formula One wakishirikiana na Amazon walitoa orodha ya madereva wenye kasi zaidi tangu 1983, kwa kulinganisha muda wa kusaka nafasi za kuanzia kati ya wenza wa timu: huyu alikuwa na yule, yule akawa na fulani, mnyororo ukafungwa. Senna wa kwanza, Schumacher wa pili, Hamilton wa tatu. Wa nane Heikki Kovalainen, wa tisa Jarno Trulli, kila mmoja na ushindi mmoja maishani. Prost mwenye mataji manne hayumo kwenye kumi. Nilicheka, kisha nikajilaumu, maana orodha ile haikudanganya: ilipima kasi ya mzunguko mmoja, na Prost alikuwa mtu wa Jumapili, siku ya mbio zenyewe.

Kuna fundo jingine ambalo modeli hizi, kwa maoni yangu, haziwezi kulifungua. Chanda chema huvikwa pete. Gari zuri halimwangukii mtu kutoka mbinguni. Timu bora humfuata dereva bora. Ukiondoa mchango wa gari umeondoa na sehemu ya dereva. Fangio alitwaa mataji na Alfa Romeo, Maserati, Mercedes na Ferrari. Utasema alibahatika kukuta magari mazuri, nami nitasema alijua kuyachagua na yalijua kumtafuta. Schumacher alihamia Ferrari 1996, timu ambayo haikuwa na dereva bingwa tangu 1979, akangoja hadi 2000. Ile pete alishiriki kuifua. Hiyo uiweke kwenye mchango wa timu au wa dereva?

(Na kabla sijasahau: uliandika "dereva bora wa zama zote". Sébastien Loeb ana mataji 9 ya dunia ya rali, mfululizo. Mario Andretti alishinda Daytona 500, Indianapolis 500 na ubingwa wa Langalanga. Kwenye jedwali lako Loeb hayupo, na Andretti ni mtu wa ushindi 12.)

Utaniuliza, basi wako nani? Jim Clark. Na utacheka, kwa sababu nilimpenda kwa ajili ya namba. Mbio 72, ushindi 25, na katika maisha yake yote alimaliza wa pili mara moja tu, Ujerumani 1963. Itafakari hiyo. Lotus yake ikimhimili, alikuwa mbele. Isipomhimili, alikuwa pembeni ya njia akiitazama inavyotoa moshi. Mataji ya 1962 na 1964 yote yalimponyoka kwenye mbio za mwisho za msimu, akiongoza, kwa mafuta ya injini kuvuja. Yangekuwa manne. Umemwandikia mawili.

Kwenye safu yako ya ushindi wa mbio za Monaco, Clark ana sifuri. Mwaka 1965 hakwenda kabisa, kwa kuwa siku zile zile alikuwa Indianapolis, akashinda huko, kisha akarudi Ulaya na kuchukua ubingwa wa dunia hata hivyo. Aprili 1968 alikufa Hockenheim akiwa na miaka 32, katika mbio za Formula Two zisizohesabika popote kwenye jedwali lako. Hamilton alipotimiza umri huo alikuwa bado hajafika nusu ya safari yake ya mataji.

Namalizia na mstari wa Stirling Moss, ule ulioupaka kijivu kwa kuwa safu ya mataji inasema 0. Mwaka 1958 alishinda mbio nne, Mike Hawthorn moja, na Hawthorn akawa bingwa kwa alama 42 dhidi ya 41. Katika mbio za Ureno mwaka huo Hawthorn alimaliza wa pili, kisha wasimamizi wakataka kumwondoa, wakidai aliendesha kinyume cha mwelekeo wa mbio. Moss, mpinzani wake, alikwenda kwa wasimamizi kumtetea kwamba hakufanya kosa. Hawthorn akarudishiwa alama zake.

Nitumie jedwali jipya ukishaamua hiyo inaingia safu ipi.

Mjomba wako