Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: habari ya chemchemi yetu

Wanachama wenzangu, habari zenu. Hesabu anazo mhazini na atawasomea yeye, mimi niacheni niongelee ile chemchemi yetu ya chuoni, sanamu ya graniti inayotiririsha maji kwa pampu, maana ndo iliyotukalisha vikao mwaka mzima.

Pampu ilisimama mara mbili, majani tu yaliziba chujio. Halafu kuna watu wakamwaga sabuni ya unga, povu likafika mpaka njiani, nilicheka ila mbele ya uongozi wa chuo nikakunja sura. Kilichoniuma ni ule ukoko mweupe wa chokaa, mmoja wetu (simtaji, anajijua) akausugua kwa brashi ya waya, chembe za chuma zikabaki kwenye jiwe zikashika kutu, sasa tuna madoa rangi ya chai. Graniti ni ngumu lakini jamani! Kuanzia sasa ni brashi ya nailoni na subira.

Sasa uzio wa kuizungushia chemchemi ili watu wasiiguse wala kuiharibu. Mnajua kamati iligawanyika, na mimi nilikuwa upande wa uzio, nakiri. Kilichonigeuza ni kusoma habari za Women's Table (Meza ya Wanawake) ya msanii Maya Lin pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ya 1993, meza ya graniti ya kijani imechongwa idadi ya wanawake waliokuwa wanasoma pale mwaka hadi mwaka, inaanza sifuri, sifuri, sifuri, zinazunguka kama gamba la konokono na maji yanatambaa juu yake membamba kabisa, mtu unapitisha mkono unazisoma sifuri kwa vidole. Weka uzio hapo, umebaki na nini? Na Chuo Kikuu cha Harvard, hukohuko Marekani, wana chemchemi ya Tanner Fountain ya msanifu mandhari Peter Walker, 1984, mawe 159 kwenye duara na ukungu katikati, watu wanakaa juu ya mawe yenyewe.

Basi nikaenda kukaa kwenye chemchemi yetu alfajiri kadhaa nikiwavizia waharibifu. Sikumpata hata mmoja. Nilichoona ni mlinzi wa usiku, kila akimaliza zamu anapita pale, anaweka kiganja kwenye jiwe maji yampite, anasimama kidogo, anaenda zake. Hakuniona na sikumsemesha.

Kwa hiyo uzio hauwekwi. Lile bango la USIGUSE MAJI lilishachapishwa, kosa langu, liko stoo, mwenye shida na mbao aje achukue.