Mpwa wangu, usitie sahihi bado

Mpwa wangu,

Mamako kanambia umepata kazi mbili kwa mpigo: kuigiza katika sehemu tatu za tamthilia ya runinga inayorekodiwa Nyali, na kutia sauti kwenye mchezo wa simu. Hongera, mwanangu. Kisha akaongeza kwamba mazoezi ya pale ukumbi wa Little Theatre huendi tena, eti jukwaa ni mambo ya wazee. Nimekupigia mara nne hushiki, basi nakuandikia hapa mbele za watu, ambapo huwezi kunikatiza.

Kamera sina neno nayo. Wiki mbili tu utajua kwamba haitaki makelele, jicho likitikisika latosha. Linaloninyima usingizi ni huo mchezo na mkataba wake.

Wewe wadhani michezo ya video ni jamaa wa filamu. Mimi naiona imezaliwa tumbo moja na jukwaa. Kwenye michezo mikubwa wanaonasa miondoko, yaani mwendo wa mtu kuupa mhusika wa kompyuta, humvisha mwigizaji nguo ya kubana yenye vitone, wakamtia chumba kitupu kilichozungukwa na kamera. Ngome hakuna, bahari hakuna, na upanga huenda ukawa kijiti. Yote hayo uyaone wewe kwanza ndipo mchezaji naye ayaone. Ulifunzwa wapi hayo? Wakumbuka usiku ule jukwaani umeme ulipokatika mkaigiza kwa kurunzi? Benchi likawa jahazi, ukayumba nalo hata nyanyako akashika kiti cha mbele asianguke! Mpaka leo anasema alilowa.

Lupita Nyong'o alikuwa Juliet jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14. Oscar alipewa mwaka 2014. Filamu ya Star Wars ya 2015 aliigiza kwa kunaswa miondoko, uso wake hauonekani kabisa, na 2016 huyo yuko jukwaani Broadway, New York. Wala hakurudi huko kwa kukosa kazi.

Sauti nayo. Ukifika studio usijitie Kinairobi. T ya meno na t ya ufizi sisi wa Mombasa twazitenga bila ya kufikiri, na mtu anayetaka baharia wa Mvita hawezi kumpata kwa mwigizaji aliyejifunza "ndoo" (njoo) na "mato" (macho) jana jioni. Na koo ulichunge. Michezo hutaka mayowe: kuungua, kuanguka, kufa mara ishirini. Waigizaji wa michezo ya video wa Marekani walipogoma mwaka 2016, makoo yao yalikuwa miongoni mwa madai.

Waligoma tena Julai 2024, karibu mwaka mzima, na safari hii ugomvi mkubwa ulikuwa akili unde (AI): nani ana haki ya kuichukua sauti yako, kuifunza mashine, kisha asikuhitaji tena. Mimi sikungoja mashine. Zamani nilirekodi tangazo la sabuni, karatasi ya mkataba nikaisoma ndani ya matatu, tena kwa jicho moja. Nililipwa mara moja. Redioni nikasikika miaka sita. Bibi arusi wangu alinitambua kwa ile sabuni, hiyo ndiyo faida niliyopata.

Kwa hiyo tafuta mstari unaosema sauti itatumika wapi na kwa muda gani. Ukiona "matumizi yote, milele", weka kalamu chini.

Ijumaa baada ya swala niko Ngomeni kwa muuza kahawa. Ndoo na huo mkataba, na simu yangu ushike.

Mjomba wako