Nasaba ya kukeni haikuja na jahazi

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilichapa habari yenye kichwa kikubwa kwamba DNA imethibitisha Waswahili ni Waajemi. Nilikuwa barazani na jirani yangu. Alinisomea kwa sauti, akakunja gazeti, akaniambia, "Haya, mwalimu, kwenu kumeshajulikana." Sikuweza kucheka. Nimefundisha biolojia miaka 32 hapa Mombasa, na kilichoniuma si kwamba habari ile ilitunga uongo, bali ilishika nusu ya ukweli ikaiita ukweli mzima. Nusu iliyoachwa ni ya mama zetu.

Utafiti wenyewe si mpya. Ulitoka katika jarida la Nature mwezi Machi 2023, na miongoni mwa waliouongoza ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, pamoja na David Reich, mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walisoma DNA ya watu 80. Wa pwani walikuwa wamezikwa kati ya mwaka 1250 na 1800: Manda na Faza huko Lamu, Mtwapa hapa jirani, kisha Kilwa, Songo Mnara na Lindi upande wa Tanzania. Wa bara walitoka Makwasinyi, huko Taita. Ikaonekana kwamba wengi wa hao wa pwani walikuwa na mchanganyiko wa Afrika na Asia, na kwamba kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Katika ile sehemu ya Asia, kubwa ni ya Uajemi na kidogo ni ya Bara Hindi. Asili ya Uarabuni inazidi baada ya mwaka 1500. Kwa hiyo wazee waliotusimulia Washirazi wa Kilwa, wageni waliosemwa walitoka mji wa Shirazi huko Uajemi, hawakuwa wakiota, na waliowacheka wana deni kwao.

Mwandishi wako alikomea hapo. Lakini utafiti huohuo unasema kwamba wengi wa wale marehemu zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na kwamba asili hiyo ya Afrika iliingia zaidi kupitia kwa wanawake, ilhali ile ya Uajemi iliingia kupitia kwa wanaume. Ukitazama nasaba ya kuumeni utakuta alama za Asia ya Magharibi kwa wingi. Ukitazama ya kukeni, karibu yote ni ya Afrika. Habari haikamiliki bila pande zote mbili, kama vile mtoto asivyopatikana kwa mzazi mmoja.

Naomba nieleze nasaba ya kukeni husomwaje, maana wasomaji wengi hawakuelezwa. Ndani ya seli zetu mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyoupa mwili nguvu. Vina DNA yao wenyewe, kiduara cha herufi 16,569 tu, wakati ile iliyomo ndani ya kiini cha seli ina herufi kama bilioni 3. Ya kwenye kiini huchangiwa na baba na mama. Ya mitokondria hutoka kwa mama peke yake, kwa sababu zile chache zinazokuja na mbegu ya baba huharibiwa zikishaingia kwenye yai. Mama huwapa wanawe wote, wa kiume na wa kike, ila ni binti tu atakayeipeleka mbele. Mara mojamoja, baada ya vizazi vingi, herufi moja hubadilika, na badiliko hilo hurithiwa na wote wanaofuata. Alama hizo zikikusanywa, ndipo yanapoonekana matawi. Yale ya kale ya Afrika huanza kwa herufi L. Moja wapo, L3, lilizuka upande huu wa mashariki mwa Afrika zaidi ya miaka 60,000 iliyopita, na kutoka kwake yakachipuka matawi M na N yaliyozaa nasaba za kukeni za watu wa Asia, Ulaya, Australia na wenyeji wa asili wa Marekani.

Tawi linalonigusa mimi linaitwa L0a. Mpwa wangu anayeishi Uingereza alitema mate kwenye kichupa, akakituma kwa kampuni moja, na baada ya miezi miwili akapata ramani yenye mshale na maandishi L0a2, yaani kitawi kimoja cha L0a. Mamake ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo hiyo L0a2 ni yangu pia, na ni ya mama yetu, na ya mama yake. Mpwa alinipigia simu usiku, sauti imemwishia. "Khalati, kumbe sisi si Washirazi?"

Sasa nikuonyeshe kitu, mhariri. Nyumbani kwetu kuna kasha la nyanyangu, na ndani ya kasha mna shajara ya ukoo: karatasi iliyogeuka rangi ya chai, imekunjwa mara nne, pembe zimeliwa na mende. Ina majina 11, fulani bin fulani bin fulani, mpaka juu kabisa palipoandikwa Shirazi. Hakuna jina la mwanamke hata mmoja. Lakini nyanya alikuwa na shajara yake kichwani. Akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, machicha yakidondoka kwenye ungo, alikuwa akitutajia: mimi binti fulani, mamangu binti fulani, mpaka wanawake watano. Akifika wa sita hupunguza sauti na kusema, "Huyo alitoka bara," halafu hugeuza mazungumzo. Hatukuwahi kuambiwa bara gani. Nilimjibu mpwa kwamba ile karatasi ya kasha na ile ramani ya kampuni hazigombani. Moja ni ya kuumeni, nyingine ni ya kukeni, na zote mbili ni zetu. Nikamwongezea na hili: vizazi 10 nyuma mtu ana nafasi 1,024 za mababu na nyanya, na kipimo cha mitokondria kinamsoma mmoja tu kati ya hao wote. Asimfanye yule mmoja kuwa kabila lake.

Maana L0a si kabila. Ilizuka huku mashariki mwa Afrika makumi ya maelfu ya miaka kabla hajazaliwa mtu wa kuitwa Mswahili, Mgiriama, Mmakonde au Mwajemi. Wakulima waliozungumza lugha za Kibantu walipoteremka kusini waliichukua, na leo ni ya kawaida sana Msumbiji. Ikavuka maji ikafika Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Ikafika Yemen. Ikafika Brazil ndani ya matumbo ya meli za watumwa. Kampuni inayomwambia mtu mwenye L0a2 kwamba "wewe ni wa kabila fulani" inamuuzia asichonunua.

Na hiyo L0a2 ina kisa ambacho kila mwandishi wa habari za DNA angepaswa kukijua. Tawi hili limepoteza herufi 9 mahali pamoja katika kile kiduara. Zamani upungufu huo ulihesabiwa kuwa alama ya Asia, kwa kuwa umejaa Asia ya Mashariki na visiwa vya Pasifiki. Mtu wa Afrika akikutwa nao, wazo la kwanza lilikuwa kwamba lazima kuna damu ya Asia iliyoingia. Mwaka 1996 Himla Soodyall, mtaalamu wa jenetiki wa Afrika Kusini, na wenzake wakaonyesha kwamba upungufu wa Afrika ulitokea wenyewe kwa wenyewe, hauhusiani na ule wa Asia. Madagaska, walikokutana watu kutoka pande zote mbili, zimekutana alama zote mbili. Fikiria: alama ya mama wa Kiafrika, iliyozuka Afrika, ilikuwa ikisomwa kuwa ya mgeni.

Majengo yetu nayo yalisomwa hivyohivyo. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni waliotelemka majahazini wakakuta vichaka. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Mji ulikuwapo, na Uislamu ulikuwapo, kabla ya ule mwaka 1000 unaotajwa na DNA. Wanaume waliokuja kutoka Uajemi walikaribishwa mjini, wakaozwa.

Wakaozwa na wakahamia kwa wake zao. Nenda Lamu uangalie desturi ya baba kumjengea binti nyumba, mara nyingi ghorofa juu ya ile ya mama yake, na mume akaja kuishi humo. Wadigo kabla ya sheria za kuumeni kushika nguvu walirithiana kwa upande wa mama, mtu akimrithi mjomba wake. Waduruma walikuwa na koo za pande zote mbili. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, mpaka leo nyumba na mashamba ya manyahuli, yaani mali ya ukoo wa mama, hupita kwa wanawake. Mgeni anayeoa katika nchi ya namna hiyo hukuta mama mkwe, shangazi na majirani wenye lugha yao, na watoto wake hukulia mikononi mwao. Ndiyo maana, naamini, Kiswahili ni Kibantu. Sikiliza maneno ya jikoni kwa nyanya: kinu, mchi, chungu, mwiko, ungo, kifuu. Toka uende ufukweni usikie bandari na nahodha, ambayo ni ya Kiajemi. Sisemi kila neno linafuata mpaka huo, kwani sahani na sufuria zilikuja na Waarabu, lakini mtoto alijifunza kusema pale jikoni kabla hajapelekwa bandarini.

Lipo jambo zito ambalo nalo halifai kufichwa. Si kila mwanamke wa bara aliyezaa na mwanamume wa pwani aliozwa kwa mahari na vigelegele. Wengine walinunuliwa. Mtoto wa suria, kwa sheria ya Kiislamu, alikuwa huru na aliitwa kwa jina la baba. Nasaba ya baba ikaendelea, ya mama ikakatwa kwenye karatasi. Kwenye damu haikukatwa. Mwaka 2003 Martin Richards na wenzake walitoa utafiti kuhusu nchi za Waarabu, na huko Hadramaut, Yemen, zaidi ya theluthi moja ya nasaba za kukeni zilikuwa za matawi L ya Afrika, huku nasaba za kuumeni za Afrika zikiwa chache mno. Watafiti waliona biashara ya watumwa kuwa sababu kubwa. Hao ni mabinti waliopakiwa kwenye majahazi ya kwenda, wakati sisi tunaandika habari za majahazi ya kuja tu. Ninapomkumbuka nyanya akipunguza sauti, nafikiri alijua zaidi ya alivyotuambia.

Ninayokuomba ni machache. Rudia habari ile, safari hii ueleze nasaba ya kukeni kwa upana uleule uliowapa Waajemi. Mwandishi wako akiletewa utafiti mwingine wa namna hii, aulize kwanza: hii ni DNA ya upande gani, ya watu wa miaka gani, na wa makaburi ya wapi? Wale watu wa Mtwapa na Kilwa si Waswahili wote, wala si sisi wa leo. Na wenye dhamana ya makavazi na magofu yetu waweke matokeo haya kwa Kiswahili palepale Mtwapa, kwenye ubao ambao mama muuza mihogo wa pale barabarani anaweza kuusoma. Waliozikwa pale huenda ni wazazi wake, na mpaka leo habari zao zimeandikwa kwa Kiingereza.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Mombasa